Kaisari Augusto na Amani ya Roma

Kila mwaka, usiku wa Noeli, twasikia kanisani jina la mtu mmoja ambaye hakumjua Bwana wetu, wala hakupata kusikia habari zake. Mwinjili Luka anamtaja pale anaposimulia jinsi Yosefu na Maria walivyotoka Nazareti kwenda Betlehemu kuandikwa majina yao. Aliyeamuru watu waandikwe alikuwa Kaisari Augusto. Tena jina lake twalitaja hata pasipo kufikiri, kwa maana mwezi wa nane waitwa Agosti kwa heshima yake.

Wasomaji wapenzi, yafaa tumjue mtu huyu. Yeye ndiye aliyetawala nchi nyingi sana siku zile Mwokozi alipozaliwa. Aliwaletea watu amani, na amani ile ilikuwa kubwa kweli. Lakini ilikuwa amani ya namna gani? Tuyatazame maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, ndipo tutakapoweza kujibu.

Kijiji kilichokuwa mji mkuu

Roma haikuanza kwa majumba ya mawe. Hapo kale ilikuwa vijiji vidogo juu ya vilima, karibu na mto Tiber, katika nchi ya Italia. Wenyeji wake walikuwa wakulima na wachungaji, nao walikaa katika vibanda vya miti na udongo, vilivyoezekwa kwa nyasi. Hata walipokuwa matajiri, Warumi walitunza kibanda kimoja cha namna hiyo juu ya kilima cha Palatino, wapate kuwakumbuka wazee wao. Kilipoharibika walikitengeneza upya vile vile kilivyokuwa.

Kwa hesabu ya Warumi wenyewe, mji ulianzishwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Kwanza walitawaliwa na wafalme. Mwaka 509 waliwafukuza, wakaapa kutokuwa na mfalme tena. Tangu hapo walichagua kila mwaka wakubwa wawili walioitwa makonsuli, walioshauriwa na baraza la wazee lililoitwa Seneti. Polepole wakazishinda nchi jirani, kisha nchi za mbali. Mwaka 146 kabla ya Kristo waliubomoa mji wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, uliokuwa mshindani wao mkuu.

Ushindi ule ulileta mali, lakini ulileta na taabu. Mateka wengi waliletwa Italia kuwa watumwa, wakalimishwa mashamba ya matajiri. Wakulima wadogo wakapoteza mashamba yao, wakahamia mjini bila kazi. Majemadari wakapigana wao kwa wao, na askari wakamtii jemadari wao kuliko sheria. Katika siku hizo za vurugu alizaliwa mtoto tunayemsimulia.

Kijana wa miaka 18

Alizaliwa Roma tarehe 23 Septemba, mwaka 63 kabla ya Kristo, akaitwa Gaius Octavius. Baba yake alikufa mtoto akiwa na umri wa miaka minne tu. Mama yake, Atia, alikuwa binti wa dada yake Julius Caesar, jemadari aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Mtoto alilelewa kwa muda na bibi yake. Mwili wake ulikuwa dhaifu, aliugua mara kwa mara, wala hakuna aliyedhani kwamba siku moja atatawala.

Tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliuawa kwa visu katika mkutano wa Seneti. Octavius alikuwa ng'ambo ya bahari, katika mji wa Apollonia, akisoma. Habari ikamfikia kwamba mzee yule amemwachia urithi na kumfanya mwanawe. Jamaa zake walimshauri akatae, kwa kuwa urithi ule ulikuwa wa hatari. Hakukubali. Alivuka bahari, akatwaa jina la Caesar, akawakusanya askari wa marehemu, na mwaka uliofuata akawa konsuli kabla hajatimiza miaka 20. Wanahistoria humwita Octavianus katika miaka ile.

Hapo yakaanza mambo ya kutisha. Alifanya mapatano na majemadari wawili, Antonius na Lepidus, wagawane utawala. Wakaandika majina ya adui zao katika mbao, wakazitundika hadharani. Mtu ambaye jina lake liliandikwa hapo aliweza kuuawa na yeyote, na aliyeleta kichwa chake alipewa fedha. Mamia ya watu wakafa, wengine kwa sababu ya mali zao tu. Kati yao alikuwa Cicero, mzee mwenye elimu kubwa, aliyekuwa amemsaidia kijana yule na kumtetea mbele ya Seneti. Antonius alimchukia Cicero, Octavianus akamtoa. Kichwa cha mzee kikatundikwa mahali pale pale alipozoea kuwahutubia watu.

Mapatano ya namna hiyo hayadumu. Baada ya kuwashinda adui zao, wale watatu waligeukiana. Lepidus akaondolewa katika utawala. Antonius alikaa Misri pamoja na malkia Cleopatra. Tarehe 2 Septemba, mwaka 31 kabla ya Kristo, merikebu zao zilishindwa karibu na Actium, katika nchi ya Wagiriki. Mwaka uliofuata Octavianus akaingia Alexandria. Antonius na Cleopatra wakajiua wenyewe. Misri ikawa mali ya Roma, pamoja na ngano yake yote. Octavianus alikuwa na miaka 32, wala hapakuwa tena na mtu wa kumpinga.

Mtawala asiyetaka kuitwa mfalme

Aliukumbuka mwisho wa Julius Caesar, akatumia akili. Hakujiita mfalme, kwa maana Warumi walilichukia neno lile. Aliacha makonsuli wachaguliwe na Seneti ikutane kama zamani, lakini jeshi, fedha na nchi za mipakani vilikuwa mkononi mwake. Mwaka 27 kabla ya Kristo Seneti ikampa jina la Augustus, maana yake mtu wa kuheshimiwa kama kitu kitakatifu. Ndilo jina tunalolisoma katika Injili.

Tuseme kweli: alifanya kazi nyingi zenye faida. Alipunguza jeshi, akawapa askari wastaafu mashamba au fedha. Alitengeneza barabara kuu, zilizojengwa kwa tabaka za mawe na kokoto hata zikadumu karne nyingi. Kila baada ya kilometa moja na nusu hivi palisimamishwa jiwe la kuonyesha mwendo. Aliweka matarishi njiani, hata barua za serikali zikafika upesi katika nchi za mbali. Aliwahesabu watu: mwaka 28 kabla ya Kristo raia wa Roma walikuwa 4,063,000. Wenyeji wa nchi zilizotawaliwa nao waliandikwa, ili kodi ikusanywe kwa daftari.

Palikuwa Roma na hekalu la mungu wao Janus. Desturi ilikuwa kuiacha milango yake wazi wakati wa vita, na kuifunga palipokuwa na amani kila mahali. Tangu mji ulipoanzishwa milango ile ilikuwa imefungwa mara mbili tu. Siku za Augusto iliamriwa ifungwe mara tatu. Mkulima aliweza kuvuna alichopanda, na mfanyabiashara aliweza kusafiri baharini pasipo hofu kubwa ya wanyang'anyi. Baadaye Mtume Paulo na wenzake walipita katika barabara hizo na bahari hizo, wakiichukua Habari Njema.

Maisha ya kila siku mjini

Tuingie sasa katika mji wenyewe, tuone watu walivyoishi.

Matajiri walikuwa na nyumba zenye ua katikati, bustani, na watumwa wengi. Lakini watu wengi walikaa katika majumba marefu ya ghorofa, chumba kimoja kwa jamaa nzima. Walioishi juu walipanda ngazi nyingi wakibeba maji. Majumba hayo yalijengwa kwa haraka na wenye tamaa ya kodi ya pango, hata mengine yakaanguka au kuungua. Augusto aliagiza kwamba nyumba zilizokuwa kando ya barabara zisipite futi 70, ndizo kama meta 20. Mwaka 6 baada ya Kristo aliunda vikosi saba vya walinzi wa usiku, kazi yao kuzunguka mjini na kuzima moto.

Warumi waliamka alfajiri. Maskini walikwenda kwanza kumsalimu tajiri aliyewalinda, wapate chakula au fedha kidogo. Mwanamume raia alivaa toga, nguo pana ya sufu iliyozungushwa mwilini. Chakula cha watu wa kawaida kilikuwa mkate au uji wa ngano, maharagwe, mboga, mafuta ya zeituni, na divai iliyochanganywa na maji. Nyama ilikuwa adimu kwa maskini. Mwaka 2 kabla ya Kristo watu kama 200,000 mjini walikuwa wakipewa ngano bure na serikali.

Watoto wa wenye nacho walipelekwa kwa mwalimu wakisindikizwa na mtumwa. Waliandika kwa kijiti chenye ncha juu ya vibao vilivyopakwa nta. Alasiri watu walikwenda kuoga katika nyumba za kuogea, ambako palikuwa na maji ya moto na ya baridi. Maji yaliletwa kutoka mbali kwa mifereji ya mawe, mingine chini ya ardhi, mingine juu ya matao. Agrippa, rafiki mkuu wa Augusto, alijenga mfereji mmoja wa kilometa kama 20, ukamalizika mwaka 19 kabla ya Kristo. Maji ya mfereji huo yanatiririka Roma hata leo.

Lakini mji huo huo ulikuwa na furaha nyingine. Watu walijaa uwanjani kutazama wanaume wakipigana kwa panga hata kufa. Augusto mwenyewe aliandika, kama jambo la kujisifu, kwamba alifanya michezo ya namna hiyo mara nane, na ndani yake walipigana watu kama 10,000. Tena baba wa nyumba alikuwa na uwezo wa kumkataa mtoto mchanga. Mtoto asiyetakiwa, hasa aliye dhaifu, aliweza kutupwa nje, afe au aokotwe awe mtumwa. Sheria haikumwadhibu baba huyo.

Kikombe kilichovunjika

Habari moja inaonyesha hali ya watumwa. Palikuwa na tajiri aliyeitwa Vedius Pollio. Alifuga katika bwawa lake samaki wakali wenye umbo la nyoka. Siku moja Augusto alikuwa mgeni wake mezani. Mtumwa kijana akaangusha kikombe cha kioo cha thamani, kikavunjika. Tajiri akaamuru atupwe bwawani aliwe na samaki. Kijana akaanguka miguuni pa Kaisari. Hakuomba uzima, aliomba afe kwa namna nyingine tu. Augusto akachukizwa sana. Aliamuru kijana aachwe, vikombe vyote vya namna ile viletwe na kuvunjwa mbele yake, na bwawa lifukiwe.

Tendo hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Hata hivyo, miaka ya nyuma, katika vita vyake vya baharini karibu na Sicilia, Augusto huyo huyo aliwakamata watumwa 30,000 hivi waliokuwa wametoroka na kushika silaha. Akawarudisha kwa mabwana zao wakaadhibiwe, na jambo hilo nalo aliliandika kati ya sifa zake. Alipomwona mtumwa mmoja akilia miguuni pake, alimhurumia. Wale 30,000 kwake walikuwa hesabu tu.

Nyumba asiyoweza kuitawala

Katika mambo yake mwenyewe Augusto hakupenda anasa. Alikaa Palatino katika nyumba ya kadiri, akalala katika chumba kile kile zaidi ya miaka 40. Nguo zake zilifumwa na mke wake, dada yake na binti yake. Alipenda mkate wa kawaida, samaki wadogo, jibini na tini mbichi. Majira ya baridi alivaa nguo nne moja juu ya nyingine. Tena mtu huyu aliyeogopwa na mataifa aliogopa radi, hata mvua kubwa ilipokuja alikwenda kujificha ndani kabisa.

Uchungu wake mkubwa ulikuwa nyumbani. Alikuwa amemwacha mke wake Scribonia siku ile ile alipomzalia binti, akamwoa Livia, aliyekuwa mke wa mtu mwingine, tena mwenye mimba. Binti huyo, Julia, alikuwa mtoto wake wa pekee. Augusto alimpenda, lakini alimtumia kwa ajili ya utawala. Alimwoza kwanza kwa Marcellus, naye akafa angali kijana. Akamwoza kwa Agrippa, aliyelingana na baba yake kwa umri. Wakapata watoto watano, kisha Agrippa akafa. Ndipo akamlazimisha Tiberio, mwana wa Livia, amwache mke aliyempenda, amwoe Julia. Ndoa hiyo ikawa ya chuki.

Wakati huo Augusto alikuwa akitoa sheria kali. Mwaka 18 kabla ya Kristo aliagiza kwamba wazinzi wafukuzwe, na wasiooa wapungukiwe haki za urithi. Mwaka 2 kabla ya Kristo ikajulikana kwamba binti yake mwenyewe amezini na watu wengi. Baba akapeleka habari hiyo mbele ya Seneti, akamfukuza mpaka kisiwa kidogo cha Pandateria, bila divai, wala mwanamume asimwendee pasipo ruhusa. Hakumsamehe hata mwisho, ingawa watu wa Roma walimwombea. Miaka tisa hivi baadaye mjukuu wake, aliyeitwa Julia pia, alifukuzwa kwa kosa lile lile. Na ile sheria ya ndoa iliyoongezwa mwaka 9 baada ya Kristo ilitolewa kwa majina ya makonsuli wawili ambao wote wawili hawakuwa na wake wala watoto.

Wajukuu aliotaka wamrithi nao walikufa vijana: Lucius mwaka 2, Gaius mwaka 4 baada ya Kristo. Ikambidi amchague Tiberio, ambaye hakumpenda sana. Kisha mwaka 9 majeshi yake matatu yaliangamizwa katika misitu ya Germania. Wanasimulia kwamba mzee aliacha kunyoa kwa miezi mingi, akagonga kichwa mlangoni kwa majonzi.

Mwisho wake

Alikufa katika mji wa Nola, tarehe 19 Agosti, mwaka 14 baada ya Kristo, akikaribia miaka 76. Siku ile aliomba kioo, akataka nywele zake zichanwe, akawauliza rafiki zake kama ameicheza vema sehemu yake katika mchezo wa maisha. Akafa mikononi mwa Livia.

Mwili wake ukachomwa Roma kwa heshima kubwa, kama ilivyokuwa desturi yao, na majivu yakawekwa katika kaburi kubwa ambalo magofu yake yapo mpaka leo. Mtu mmoja wa cheo akaapa kwamba amemwona akipaa mbinguni. Wasimulizi wa kale wasema kwamba Livia alimlipa fedha nyingi kwa kiapo hicho. Seneti ikatangaza kwamba marehemu ni mungu, akajengewa hekalu na kuwekewa makuhani.

Wakati huo huo, katika Nazareti, aliishi kijana ambaye jina lake liliandikwa pengine katika daftari moja tu, lile la watoza kodi.

Basi, ilikuwa amani ya namna gani? Tusiidharau. Kuvuna bila kuogopa askari, kusafiri bila kuibiwa, kulala bila kusikia mbiu ya vita: mambo hayo ni zawadi kubwa, na waliowahi kukimbia vita wanajua thamani yake. Lakini amani ya Augusto ilianza kwa majina yaliyotundikwa katika mbao, ikalindwa kwa upanga, ikabebwa mabegani mwa watumwa. Sheria yake iliweza kupima urefu wa nyumba, na iliweza kumfunga binti kisiwani. Haikuweza kuugeuza moyo wa binti, wala moyo wa baba.

Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, msidhani kwamba habari hii ni ya wakubwa tu. Kila mtu anayo nchi yake ndogo ya kutawala: nyumba yake. Yuko baba ambaye watu wa kijiji humwita mpatanishi, naye hajasema neno la upole na mkewe tangu mwezi uliopita. Yuko mwingine anayemwoza binti yake kwa kutazama mali tu, bila kumwuliza moyo wake. Yuko na yule aliyemfukuza mtoto aliyekosa, akaapa kutomwita tena. Mtu wa namna hiyo asingoje hata uzee. Na aende leo, amwite mtoto wake, amsamehe, wale chakula pamoja. Jambo hilo Kaisari Augusto, mwenye majeshi na barabara zote za dunia, hakuliweza.